Darasa la Kiebrania cha kuongea, Makole Dodoma: nimelipenda, ila madesa warekebishe

Nianze na bei maana ndo mnaulizaga kwanza. Ni sh 40,000 kwa mwezi, Jumatano jioni na Jumamosi asubuhi, chumba kimoja tu maeneo ya Makole. Mwalimu ni Mtanzania mwenzetu aliyewahi kwenda mafunzo ya kilimo kule Arava, jangwani kusini mwa Israeli, na wanafunzi wengi ni vijana tuliomaliza kilimo tunasubiri nafasi kama hiyo, halafu kuna akina mama wa kanisani wanajiandaa na hija ya Yerusalemu. Kwahiyo sio kile Kiebrania cha Agano la Kale wanachosoma wachungaji, hiki ni cha kununua mkate, kuulizia basi na kumwelewa bosi shambani.

Kilichonikamata ni kwamba jamaa anafundisha kwa Kiswahili moja kwa moja. Apu nyingi za simu zinakuzungusha kwenye Kiingereza kwanza, na ukizungukia huko unaacha njiani vitu ambavyo sisi tunavyo tayari mdomoni. Chukua namba tu, shesh ni sita, sheva saba, tesha tisa, ukifika kwenye makumi ndo raha kabisa, esrim ishirini, arbaim arobaini, khamishim hamsini, mea mia, elef elfu. Kiebrania na Kiarabu ni lugha ndugu na sisi namba hizo tumezitoa kwa Waarabu, ndo maana. Hata Alhamisi kwao ni yom khamishi.

Kuna siku alikuja na mfuko wa vitu vya dukani akavipanga mezani, sabuni ikaitwa sabon, sukari sukar, pilipili pilpel, akaweka na kichala cha zabibu za Hombolo, hizo wanaita anavim. Kila mtu anasogea anasema anachotaka. Hapo sasa kazi ikaanza, maana mwanaume anasema ani rotse, nataka, ila mwanamke lazima aseme ani rotsa, na hata wewe yao imegawanyika, ata kwa mwanaume, at kwa mwanamke, sisi hatuna kitu kama hicho kabisa. Mama mmoja mtu mzima akasema ani rotse anavim, mwalimu akamwambia taratibu, "Mama, sema rotsa," akarudia mpaka ikakaa sawa, na hakuna aliyecheka. Namheshimu sana mwalimu kwa hilo, watu wazima wakichekwa mara moja hawarudi.

Nafuu ni kwamba wakati uliopo haujali ni mimi, wewe au yeye, unajali jinsia na wingi tu. Kwahiyo kwenye kujifunza, mwanaume ni lomed, mwanamke lomedet, wengi lomdim, wanawake watupu lomdot, basi umemaliza.

Vitenzi ndo sehemu anayoifundisha vizuri kuliko zote. Kiebrania kina mzizi, mara nyingi konsonanti tatu, unaupitisha kwenye miundo 7 inayoitwa binyanim, na watu wengi wanakatia tamaa hapo. Yeye anaandika ubaoni vaa, visha, chini yake lavash, hilbish. Kula, lisha, akhal, heekhil. Andika, andikiana, katav, hitkatev. Darasa zima likaelewa palepale, kwasababu kunyambua kitenzi tumekufanya tangu utotoni, tofauti ni kwamba sisi tunaongezea mkiani, wao wanachezea irabu za ndani na kuongezea mbele. Matamshi ya kh yanawasumbua wengine, lakini kuna kijana wa Kondoa kasoma madrasa huyo hata hahangaiki, na kusoma kutoka kulia kuja kushoto kashazoea.

Sasa madesa. Jamani madesa! Ni kopi ya kopi ya kopi, wino umefifia, na Kiebrania nukta ndo kila kitu kwa anayeanza, herufi bet ikiwa na nukta katikati ni b, isipokuwa nayo ni v, shin nukta ikiwa kulia ni sh ikiwa kushoto ni s. Kwenye karatasi zetu nukta hazionekani, unabaki kubahatisha. Tena mazoezi mengi bado ni ya herufi zetu za kawaida, wakati mabango na magazeti ya kule hayaweki hata hizo nukta, kwahiyo tungeanza mapema kusoma hivyo hivyo. Hela tunayolipa inatosha kutoa kopi nzuri, nimemwambia na mwenyewe kakubali ataliangalia.

Kwa sasa nafidia na Pealim, tovuti ya bure, unaandika kitenzi inakuletea jedwali zima la nyakati na nafsi pamoja na nukta zake, mimi nanakili kwa mkono kwenye daftari.

Kama unataka Kiebrania cha kusoma Biblia, hapa sio mahali pake. Kama ni cha kuongea, nenda bila kusita, wanaopokelewa wapya ni mwanzo wa mwezi, na Jumamosi uwahi ukae mbele maana ubao wenyewe ni mdogo na viti vya nyuma havioni kitu.