WhatsApp Business kwa mama muuza sambaza

Nauza sambaza kavu, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, hapa Kadutu, Bukavu, Kongo, na mgongoni nina mtoto asiyekubali kushushwa. Ndiyo maana naipenda WhatsApp Business, ile WhatsApp ya wafanyabiashara, ambayo kuipakua ni bure. Kilichonifaa zaidi ni majibu ya haraka: naandika alama ya / na neno "bei", basi orodha yote niliyoihifadhi mapema inajitokeza, kwa dola na kwa franka, pamoja na nauli ya motari (bodaboda) hadi Ibanda au Panzi. Kidole kimoja kinatosha; mkono wa pili unakoroga uji. Katalogi nayo ina picha, kwa hiyo zile "mama, nionyeshe kwanza ukubwa wake" za saa nne usiku zimepungua sana. Ujumbe wa kwamba sipo nimeupangia saa, jioni unajibu wenyewe.

Ila simu lazima iwe hewani. Umeme wa huku mnaujua, tafuteni pawabenki kwanza. Kupatana bei bado ni kazi ya mdomo wangu, maana mteja wa Kadutu haachi kuomba nyongeza. Na kiwango cha dola kikipanda, bei nazibadilisha mwenyewe.