Tambi za Japani bila gluteni: soba ya juwari kwanza, rameni ya mchele kwa masharti

Tambi zenyewe ndizo rahisi kuzijua. Kinachomwangusha msafiri asiyekula gluteni, yaani protini ya ngano na shayiri, nchini Japani ni vitu vitatu ambavyo havionekani kwenye bakuli: sosi ya soya, unga unaonyunyizwa kwenye ubao wa kukatia, na maji ya kuchemshia. Kila mlo uliopimwa hapa umepitishwa kwenye maswali hayo matatu kabla ya kuulizwa kama ni mtamu. Mapitio haya yamemlenga mwenye siliaki, ugonjwa wa utumbo unaochochewa na gluteni, ambaye hata chembe humdhuru. Anayepunguza ngano kwa hiari yake ana uwanja mpana zaidi. Mwenye mzio wa bakwiti, mbegu inayotengenezewa soba, naye aruke hadi kwenye tambi za mchele, kwa maana mzio huo unaweza kumfunga pumzi.

Za kuacha bila hata kuuliza ni udon, somen, hiyamugi, kishimen na rameni ya kawaida. Zote ni ngano. Jina la soba nalo lina mitego yake: yakisoba, chuka soba na soba ya Okinawa hazina bakwiti kabisa. Reimen, tambi baridi za mji wa Morioka, hung'aa na kuteleza kana kwamba ni wanga mtupu, lakini kwa kawaida wanga wake wa viazi huchanganywa na unga wa ngano.

Soba halisi hutokana na bakwiti, mbegu yenye pembe tatu isiyo na udugu na ngano wala gluteni ndani yake. Kwa kuwa haina gluteni, unga wake haushikani vizuri, na wapishi wengi huuongezea ngano ili tambi zisikatike. Mchanganyiko uliozoeleka zaidi ni nihachi: sehemu 2 za ngano kwa 8 za bakwiti. Kwenye pakiti za dukani, bidhaa huweza kuitwa soba hata pale ngano inapozidi bakwiti, kwa hiyo soma orodha ya viambato. Viambato hupangwa kwa uzito, na ukiona 小麦粉, unga wa ngano, mwanzoni, rudisha pakiti kwenye rafu. Vibanda vya kula wima kwenye stesheni za treni ni vya haraka na bei nafuu, lakini soba yao kwa kawaida ina ngano na huchemshwa palepale penye udon. Kwa mwenye siliaki, alama ni sifuri.

Kinachotafutwa ni juwari, 十割, yaani bakwiti asilimia 100. Maduka mengine huandika 生粉打ち, kikouchi, kwa maana ileile. Mahali pawe maarufu kwa soba, iwe Togakushi huko Nagano, Izumo huko Shimane au Fukui, sifa hiyo haikuhakikishii juwari. Tafuta maandishi hayo mlangoni au kwenye menyu. Sahani moja mara nyingi huzidi yen 1,000, na inastahili: juwari nzuri ina harufu ya mbegu iliyokaangwa kidogo, ukavu fulani mdomoni na utamu unaokuja baada ya kumeza. Msimu wa kuipata ikiwa bora ni vuli, pale maduka yanapobandika 新そば kutangaza mavuno mapya. Hukatika upesi na hugandana ikikaa, kwa hiyo uile mara inapofika mezani.

Sasa maswali. Duka linalouza juwari mara nyingi huuza na nihachi, na hapo ndipo wengi hudhurika huku wakiamini wameagiza salama. Uliza kwanza unga wa ubao: “Uchiko wa sobako desu ka?” Unataka kusikia kwamba wananyunyiza unga wa bakwiti. Kisha uliza chungu: “Kama wa udon ya nihachi to issho desu ka?”, yaani kama kinatumika pia kwa udon na nihachi. Wakisema ni chungu kimoja, shukuru na uondoke. Kuosha tambi kwa maji baridi baada ya kuchemsha hakuondoi kilichokwisha kuingia. Duka lenye juwari peke yake ndilo la kulitafuta, hata kama ni la mbali kwa treni. Fika pia mapema, kwa sababu maduka madogo yanayosaga na kukata wenyewe hufunga tambi zikiisha, wakati mwingine kabla ya alasiri.

Ukishavuka hayo, bado kuna kikombe cha tsuyu, mchuzi wa kuchovyea. Sosi ya soya ya kawaida ya Japani, koikuchi, hutengenezwa kwa soya na ngano kwa viwango vinavyokaribiana. Ile nyeupe, shiro shoyu, ni ngano kwa sehemu kubwa. Wahudumu wengi hawaihesabu sosi hiyo kama ngano, kwa hiyo ukisema tu huli ngano, watakuletea tsuyu kwa moyo mweupe. Agiza seiro au mori, yaani tambi baridi bila mchuzi juu, kisha sema: “Tsuyu nashi de, shio de tabetai desu,” yaani bila tsuyu, kwa chumvi. Kula soba kwa chumvi hakumshangazi mpishi wa juwari. Maduka kadhaa hutoa chumvi bila kuombwa, kwa kuwa ndivyo harufu ya bakwiti inavyosikika vizuri zaidi. Ongeza wasabi iliyoparuzwa na figili nyeupe. Kwa maoni yetu huu ndio mlo bora wa tambi kwa asiyekula gluteni Japani, na haupungukiwi na kitu.

Soba ya moto, kake, huja ndani ya mchuzi wenye sosi, kwa hiyo iache. Tempura nayo hupakwa rojo la unga wa ngano. Sobayu, maji meupe ya kuchemshia yanayoletwa mwishoni, hunyweka kama chungu ni cha juwari peke yake, bila kuyamimina kwenye tsuyu. Angalia hata kikombe cha chai: mugicha ni shayiri, na wakati wa joto huletwa bure bila kuulizwa. Sobacha ya bakwiti tupu au chai ya kijani haina tatizo hilo.

Anayetaka ladha ya sosi abebe tamari yake. Tamari hutengenezwa hasa kwa soya, lakini si kila chupa haina ngano, na nyingine huongezwa kiasi kidogo. Kampuni ya San-J huuza tamari isiyo na ngano hata katika vipakiti vidogo vya safari. Kabla ya kukifungua mezani, omba ruhusa: “Kono shoyu o tsukatte mo ii desu ka?” Mahali pazuri hawakatai.

Rameni ni habari nyingine. Baadhi ya maduka ya kawaida hutoa tambi za mchele au za konnyaku, mzizi wa Kijapani, badala ya ngano, na picha kwenye menyu huvutia. Tunashauri kuyapita. Supu ya rameni hupata ladha kutoka tare, mchuzi mzito wa kukoleza, na tare mara nyingi ina sosi ya soya, hata kwenye rameni ya chumvi. Nyama ya chashu huchemshwa kwenye sosi hiyo, na yai la ajitama hulazwa humo. Miso, rojo la soya iliyochachushwa, nayo huweza kuwa mugi miso, ya shayiri. Juu ya hayo yote, vikapu vya tambi huzamishwa kwenye tangi moja la maji, na tambi zako za mchele huogelea pamoja na za jirani. Kubadilisha tambi peke yake hakuigeuzi rameni hiyo kuwa salama.

Rameni ya kuiamini hutoka kwenye jiko lisiloingiza ngano kabisa. Tokyo, eneo la Roppongi, Gluten Free T's Kitchen imejijengea jina kwa hilo: rameni, gyoza na vyakula vya kukaanga katika jiko moja lisilo na gluteni. Sehemu za namna hii ni ndogo, kwa hiyo weka nafasi mapema na uangalie siku zao za kufunga. Usitarajie tambi zinazovutika kama za ngano. Tambi za mchele ni laini, na baada ya dakika chache kwenye supu ya moto huanza kumeguka. Kula tambi kwanza, supu baadaye.

Kyoto kuna tambi ambayo wengi hawaifikirii kwa sababu ni tamu: kuzukiri, vipande virefu vya wanga wa mzizi wa kuzu, hutolewa kwenye maji baridi na kuchovywa kwenye kuromitsu, shira ya sukari ya kahawia. Kagizen Yoshifusa, duka la kale la vitamutamu huko Gion, ni maarufu kwa kuzukiri. Haishibishi, lakini huteleza kooni vizuri kuliko chochote siku ya joto. Tokoroten, ya mwani, nayo ni salama ikija na kuromitsu. Ikija na siki na sosi ya soya, iache.

Kwenye maduka na supamaketi, sheria iko upande wako kwa sehemu tu. Bidhaa za pakiti zinalazimika kutaja ngano, 小麦, na soba, そば, miongoni mwa vizio, yaani vyakula vinavyoleta mzio, vilivyo kwenye orodha ya lazima. Shayiri haimo kwenye orodha hiyo ya lazima, kwa hiyo soma viambato vyote ukitafuta 大麦 na 麦芽, ambayo ni kimea. Migahawa haibanwi na sharti hilo. Vikombe vya harusame, tambi za wanga, huonekana salama hadi usome supu yake: mara nyingi ina sosi. Alama ya ノングルテン kwenye unga wa mchele ni kali sana: gluteni isizidi 1 ppm (sehemu moja kwa milioni), wakati kiwango cha kimataifa cha chakula kisicho na gluteni ni 20 ppm.

Ukilala penye jiko, nunua juwari kavu. Gramu 100 zinamtosha mtu mmoja. Chemsha angalau lita 1 ya maji, na ikiwa sufuria ni kubwa ongeza, kwa sababu maji machache hugeuka uji na tambi zikagandana. Tia tambi maji yakitokota, usikoroge kwa nusu dakika ya kwanza, kisha zitenganishe taratibu kwa vijiti. Fuata dakika za kwenye pakiti, onja moja, mwaga, na osha kwa maji baridi hadi utelezi uishe. Tsuyu ya kuchovyea ni vipimo 4 vya dashi, mchuzi wa msingi wa Kijapani, 1 cha mirin, mvinyo mtamu wa mchele wa kupikia, na 1 cha tamari. Chemsha mirin kwanza ili kileo kitoke, ongeza vingine, kisha poza. Dashi ipike kwa mwani wa kombu na katsuobushi, vipande vya samaki aliyekaushwa. Ile ya chembechembe huweza kuwa na viungo vya ngano.

Tambi za mchele za mtindo wa rameni, kama zile za kampuni ya Kobayashi ya Gifu, zinataka mkono mwepesi zaidi. Zichemshe peke yake, wala si ndani ya supu, na uzihamishe kwenye supu dakika ya mwisho. Zikipoa huwa ngumu kwa kuwa wanga wake hukaza, na maji ya moto kwa sekunde chache huzirudisha. Chujio la nyumba ya wageni ambalo limewahi kupitisha udon usilitumie: tundu zake hazisafishiki vizuri. Mwaga maji kwa kuziba sufuria na kifuniko chake.