Mbolea ya nyungunyungu Mombasa: ipi ununue, ipi uiache dukani

Mbolea hii ni choo cha nyungunyungu waliolishwa samadi na maganda ya jikoni. Haiunguzi mizizi kama samadi mbichi, tena inashika maji, na kwa mchanga wetu wa matumbawe hilo ndilo la maana zaidi: unamwaga ndoo asubuhi, adhuhuri kumekauka. Pwani si mara ya kwanza kumtegemea mdudu kwa udongo. Kwenye machimbo ya Bamburi, ambako miti ilianza kupandwa 1971, jongoo ndio waliotafuna majani ya mivinje mpaka jiwe tupu likapata rutuba.

Nambari 1: iliyochekechwa, yenye unyevu bado, ndani ya gunia linalopumua. Hii ndiyo ya kununua ikiwa una vyungu vya asumini na mrehani barazani. Fungua gunia kabla ya kulipa. Kamata konzi moja uikamue: ishikane, itoe tone moja tu au isitoe kabisa, na ukiisukuma kwa kidole ivunjike. Harufu iwe ya ardhi iliyonyeshewa. Ikikuchoma pua kama zizi la mbuzi, hiyo ni samadi ambayo nyungunyungu hawajaimaliza, na itaunguza miche.

Wengine huichanganya na mchanga ili gunia liwe zito. Tia kijiko kwenye gilasi ya maji, koroga, ngoja dakika moja. Mchanga hutangulia chini na utauona. Kibaya kisichoonekana ni chumvi, maana visima vingi vya mjini vina maji ya magadi na mfugaji akiyatumia miezi mitatu, chumvi hubaki ndani ya mbolea. Basi nunua kilo moja kwanza. Changanya kikombe 1 cha mbolea na vikombe 2 vya mchanga uliooshwa, panda pojo 10. Panda nyingine 10 kwenye mchanga mtupu. Siku ya tano linganisha. Zikiota chache upande wa mbolea, au ncha za majani zikiungua, usirudi kwa muuzaji huyo.

Nambari 2: isiyochekechwa, kwa mfugaji mwenyewe. Kwa kilo huwa rahisi, na mabonge yake hayadhuru kitu kwenye tuta la sukuma wiki au mchicha. Ila huja na mbegu za nyanya, na vijidudu vyeusi vinavyorukaruka juu ya udongo. Usiingize nyumbani.

Nambari 3: sanduku lako la kufugia, na nyungunyungu wa kuanzia. Uliza ni aina gani. *Eisenia fetida*, yule mwekundu mwembamba, hustarehe nyuzi 15 hadi 25. Kaskazi ikikaza na joto kupita 30, hudhoofika na kutoroka. Kwa Mombasa tafuta *Eudrilus eugeniae*, mnene wa Kiafrika, anayependa nyuzi 24 hadi 30. Nusu kilo ya minyoo hula takriban robo kilo ya maganda kwa siku. Maganda ya ndimu, samaki na pilipili yawekwe kando. Miguu ya sanduku isimame ndani ya mikebe ya maji, la sivyo siafu watamaliza kila kitu usiku mmoja. Mavuno ya kwanza ni baada ya miezi mitatu hivi.

Nambari 4: iliyokaushwa au ya vidonge. Safi, nyepesi kubeba, lakini viumbe wengi wameshakufa, na ikikauka sana maji huteleza juu yake. Iloweke usiku kucha kabla ya kuitumia.

Ya mwisho: ya maji kwenye chupa. Tungekushauri uiache. Iliyotayarishwa kwa kupulizwa hewa huharibika ndani ya siku moja au mbili, sembuse ile iliyokaa rafuni imefungwa kifuniko. Nyingine ni mchuruziko wa chini ya sanduku tu, wenye chumvi na pengine vijidudu vya maradhi; usiumwagie mboga za kuliwa mbichi. Ukitaka ya maji, loweka kikombe 1 cha mbolea ya nambari 1 katika lita 5, siku moja, uimalize siku hiyohiyo.

Kipimo: chungu cha sentimita 20, vijiko 3 vya mezani kila miezi miwili. Udongo mpya wa chungu, sehemu 1 ya mbolea kwa 4 za udongo na makumbi yaliyosagwa. Ukizidisha, chungu hutota na mizizi huoza. Sukuma wiki, konzi moja kwenye kila shimo. Siku zote ifukie sentimita 2 chini, kwa sababu jua la saa saba huikausha ikawa kama kokoto.