Mombasa hadi London: kikokotoo cha masafa ya ndege kilivyonifaa, na kilipopungukia

Mwezi wa saba nilimpeleka mama London kumwona mjukuu wake wa kwanza. Mama ana kisukari na anakula kwa saa, kwa hiyo kabla ya kukata tiketi nilitaka kujua safari ni ya muda gani. Nikatumia kikokotoo cha mtandaoni: unaandika MBA, uwanja wetu wa Moi, kisha LHR, yaani Heathrow, na papo hapo unapata kilomita na saa.

Kwa kilomita nakisifu. Kilinipa kama 7,240, kwa njia fupi kuliko zote juu ya mviringo wa dunia. Wakala wa tiketi alikuwa akinihimiza tupitie Dubai kwa kuwa bei ilikuwa chini kidogo. Nikapima kipande kwa kipande: Mombasa hadi Dubai karibu 3,670, Dubai hadi London karibu 5,500. Jumla inapita 9,100! Nikapima kupitia Nairobi: 420 na 6,840, jumla 7,260. Nilirudia mara mbili nikidhani nimekosea. Kumbe Nairobi iko karibu kabisa na mstari wenyewe, unaongeza kilomita 20 tu. Mama magoti yanamsumbua, kukaa kitini ni adhabu kwake, nami nikalipa ile tofauti ya bei kwa moyo mkunjufu.

Saa ndizo zilizonikosesha. Kikokotoo kiliandika saa 9. Kinachofanya ni kugawa kilomita kwa mwendo wa wastani wa ndege, kisha kuongeza nusu saa ya kuruka na kutua. Hakisemi popote kwamba huo ni muda wa angani peke yake, wala kwamba hiyo ndege ya moja kwa moja sikuiona kwenye ratiba yoyote. Nikaongeza saa mbili za kubadilisha ndege, nikamfungia mama mihogo ya kuchemsha na korosho za saa 11.

Tulitoka Kisauni saa kumi jioni. Daraja la Nyali lilipitika, lakini Changamwe malori ya bandarini yalikuwa yamefunga barabara. Ndege ya Nairobi iliondoka saa moja na nusu usiku, tukafika saa mbili na nusu, tukangoja hadi saa tano na nusu. Chakula kiliisha hapo hapo kwenye viti vya kungojea, na mama alianza kutetemeka mikono kabla sijapata cha kumnunulia. Sitasahau dakika zile. Heathrow tulitua saa kumi na mbili na nusu asubuhi ya huko. Mpaka pasi zikaguliwe na mabegi yatoke, ikawa saa mbili. Kwetu ilikuwa saa nne, maana majira ya joto Uingereza iko nyuma yetu kwa saa mbili. Mlango kwa mlango, saa 18.

Ningeomba waliokitengeneza waongeze mstari mmoja tu chini ya zile saa: "muda wa angani peke yake." Kilomita waziache zilivyo.

Kurudi niliandika hesabu yangu kwenye karatasi, nikaweka foleni, kungojea na mabegi, na chakula cha mama cha saa 20. Ndugu yangu nilimpa saa ya kuja kutupokea, na tulipotoka nje na mabegi ndiyo kwanza alikuwa anaegesha gari.