Magamba ya chaza kwa kuku wa mayai: uzoefu wangu wa miezi mitatu

Asubuhi moja niliingiza mkono kwenye kiota nikashika kitu laini, kinatikisika kama kifuko cha maji. Lilikuwa yai lililotoka na utando tu, halina ganda kabisa. Wiki hiyohiyo mayai mengine matatu yalivunjika nikiyaokota, na baya kuliko yote, mtetea mmoja akalamba kiini cha lile lililopasukia kiotani. Mfugaji yeyote anajua: kuku akishaonja yai, kumwachisha tabia hiyo ni kazi. Sikutaka kusubiri tena.

Nina mitetea wanane na jogoo mmoja nyuma ya nyumba. Nilinunua mfuko wa kilo 5 wa magamba ya chaza yaliyopondwa, yale yanayouzwa kwa ajili ya kuku wa mayai. Sasa nimeutumia miezi mitatu na nina maoni ya kutosha.

Kwanza niseme kosa langu, maana bila hilo mfuko huu usingenisaidia. Ganda la yai karibu lote, kama asilimia 95, ni kalsiamu kaboneti, yaani chokaa. Kila yai linaondoka na gramu 2 na ushei za kalsiamu, na kwa kuwa tumbo halifyonzi kila kinachoingia, kuku anayetaga anahitaji karibu gramu 4 kwa siku. Chakula kamili cha kuku wa mayai hutengenezwa kikiwa na kalsiamu asilimia 3.5 hadi 4, kwa hiyo kuku akila gramu zake 110 hivi kwa siku, anapata. Mimi nilikuwa nawafungulia asubuhi kwa bakuli kubwa la mabaki ya jikoni, tena kwa mapenzi kabisa, na hayo ndiyo waliyoshiba kwanza. Chakula chao chenyewe wanakidonoadonoa tu. Nilikuwa nanunua chakula kizuri halafu nawazuia kukila. Siku hizi mabaki ni kidogo, na yanakuja jioni.

Sasa magamba yenyewe. Maelezo ya mfuko yalisema nichanganye kwenye chakula. Nikatii, wiki nzima, sikuona tofauti. Siku nilipomwaga chombo ili nikioshe nikakuta nusu ya magamba yamejikusanya chini, hayajaguswa, na juu ya hapo jogoo, asiyetaga, alikuwa akimezeshwa chokaa asiyoihitaji. Nikaacha kuchanganya. Nikaweka magamba kwenye kikombe kizito cha peke yake, pembeni ya chakula, kila kuku ajichukulie. Hapo ndipo mambo yalipobadilika. Mtetea anayetaga hurudi kwenye kile kikombe tena na tena, hasa alasiri kuelekea jioni. Aliyepumzika kutaga hupita tu. Jogoo alidonoa siku mbili za kwanza, akaachana nayo. Naomba watengenezaji wabadilishe maelezo hayo ya mfukoni, kwa sababu yananyima watu faida ya kitu walichonunua.

Kinachonifanya niyapende magamba kuliko chokaa ya unga ni ukubwa wa chembe. Yai hukaa kwenye sehemu inayojenga ganda kwa takriban saa 20, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika usiku, kuku amelala, hali kitu. Unga anaokula mchana hupita upesi. Chembe za milimita 2 hadi 4 hubaki kwenye firigisi na kuyeyuka polepole, zikimpa kalsiamu saa zilezile anazoihitaji. Isipokuwepo, anaichota kwenye mifupa yake. Ameumbwa na akiba kwa ajili hiyo, lakini akiichota kila usiku bila kuirudisha, mifupa inalegea. Nilipolielewa hilo, ganda jepesi lilianza kuniuma kwa ajili ya kuku mwenyewe kuliko kwa ajili ya yai.

Siku ya tano baada ya kuweka kikombe, mayai yaliacha kuvunjika mkononi. Wiki ya pili nilipoyamulika kwa tochi gizani, yale madoa meupemeupe yanayoonyesha sehemu dhaifu yalikuwa yamepungua sana. Tangu hapo sijaokota yai lisilo na ganda, isipokuwa moja la mtetea mchanga aliyekuwa anaanza kutaga, na kwa mwanzo huo ni kawaida.

Lawama yangu kubwa kwa bidhaa ni vumbi. Theluthi ya mwisho ya mfuko ilikuwa karibu unga mtupu, na kuku hawaugusi unga mkavu ndani ya kikombe. Ilibidi nichekeche, chembe nikaziweka kikombeni na unga nikaulowesha kidogo kidogo pamoja na chakula cha mitetea. Mfuko wenyewe ni mwembamba pia. Ukishautoboa, hamishia kwenye ndoo yenye mfuniko, magamba yasipate unyevu.

Maganda ya mayai ya nyumbani nayo nayatumia. Nayakausha kwa moto, nayaponda yasifanane tena na yai, nayamwaga kwenye kikombe hichohicho. Ni nyongeza nzuri, ila hayatoshi peke yake, kwa sababu mayai mengi tunayogawa huondoka na maganda yake.

Jirani yangu aliponisikia nikiusifu mfuko huu, naye akanunua. Wiki mbili zikapita bila nafuu, akaniita nione. Mayai yake yalikuwa na ganda lenye mikunjo kama nguo isiyopigwa pasi, ukilipasua ute ni maji matupu, na kuku wawili walikuwa wanapiga chafya. Nikamwambia, "Mama, hapa chokaa haina kazi, mwite daktari wa mifugo leo." Daktari akashuku bronkaitisi ya kuambukiza, ugonjwa wa virusi unaoshambulia njia ya hewa na mirija ya mayai pia. Dalili kama hizo zikionekana, tafadhali usipoteze wiki mbili kama yeye.

Joto nalo lina yake. Wiki ya jua kali kuku wanahema midomo wazi, na kuhema huko hutoa nje kabonidioksidi ambayo mwili huitumia kutengeneza kaboneti ya ganda. Wakati huohuo wanakula kidogo. Wiki hiyo kikombe kilikuwa kimejaa, na bado maganda yalipungua unene. Kivuli na maji baridi yanayobadilishwa mara kwa mara vilinisaidia kuliko kuongeza magamba.

Kama una vifaranga pamoja na wakubwa, weka kikombe mahali wasipofika, na usiwape chakula cha kutagia. Kalsiamu nyingi kabla ya umri wa kutaga huharibu figo zao.

Mfuko wa pili nimeshaununua, wa aina hiyohiyo pamoja na vumbi lake. Aliyebaki kunipa mashaka ni kishungi wangu mzee. Kadiri umri unavyosogea mayai yake yanazidi kuwa makubwa, na ganda lilelile linatandazwa juu ya yai kubwa zaidi, kwa hiyo hata akila magamba kila jioni mayai yake bado ni mepesi upande wa ncha. Nimemwongezea nyasi kavu kiotani, na yai lake ndilo ninaloliokota kwanza kila asubuhi.