Fulana, losheni au kofia? Kipi kwanza kwa watoto wanaokwenda pwani jioni

Kila likizo ya skuli ikimalizika, malalamiko ni yale yale. Mama kawapeleka watoto ufukweni Kendwa, hapa Unguja, kangoja mpaka alasiri imeadhiniwa ndio kawaachia waingie majini, kawapaka losheni ya bei mbaya, na usiku mtoto hataki kuguswa shingo. Safari hii msomaji mmoja kaniletea picha. Mgongo salama, mabega salama, halafu chini ya nywele mstari mwekundu wa upana wa vidole vitatu. Na fulana aliyovaa yule mtoto ilikuwa nzuri, ya kuogelea kweli, ya gharama. Haikuwa na ukosi tu.

Basi hapa nitasema sana juu ya ukosi, mnisamehe. Habari ya namba ya SPF, kile kipimo cha kinga kinachoandikwa kwenye chupa ya losheni, tuimalize mara moja: 30 inazuia kiasi cha asilimia 97 ya miale ya UVB, ile inayounguza ngozi, 50 inazuia kiasi cha asilimia 98. Mengine ni biashara.

Jua la adhuhuri linatoka utosini, kwa hiyo kofia na mwavuli vinasaidia. La jioni linakuja ubavuni. Nungwi, Kendwa, Mangapwani, na Verani kule Pemba, jua linaukabili ufukwe, na mtoto akichimba mchanga huinama kaipa bahari mgongo. Kisogo chote kinabaki wazi. Paje na Jambiani, upande wa mashariki, ni kinyume: anayetazama bahari ndiye anayechomwa nyuma, ila huko minazi humstiri mapema. Juu ya hilo, mchanga mkavu unarudisha kama asilimia 15 ya miale na povu la mawimbi kama asilimia 25. Na miezi hii ya kusi upepo unampoza mtoto, hasikii joto, nawe huna habari.

Nisiwatishe bure, lakini. Ikifika saa kumi na moja nguvu za jua zimekwisha, mwacheni acheze. Shida ni kwamba sisi tukisema "jioni" tunafika ufukweni saa tisa, na saa hiyo kielezo cha UV, yaani kipimo cha ukali wa miale ya jua, hapa kwetu siku ya anga safi bado kiko juu ya 3, ambapo Shirika la Afya Duniani linasema mtu ajikinge.

Namba moja ni fulana ya kuogelea ya mikono mirefu, yenye ukosi wa kusimama. Tafuta kibandiko cha UPF 50, maana yake kitambaa kinapitisha sehemu moja tu ya miale kati ya 50. Fulana nyeupe nyepesi ya pamba, ile ya kushindia nyumbani, mara nyingi haifiki hata 10, na ikirowa inapungua tena. Sasa jaribio langu, mlifanye hapo hapo dukani bila ya kumuonea haya muuzaji: mvalishe mtoto, mwambie ainame ashike vidole vya miguu. Kisogo kikionekana, rudisha. Usidanganywe na rangi wala papa waliochorwa kifuani. Kisha tazama zipu. Kama juu kabisa haina kipande cha kitambaa cha kuifunika, itamchuna kidevu, ataifungua mwenyewe kabla hajafika majini, ukosi utalala, na pesa zako zimekwenda. Nimeona fulana za bei kubwa kabisa zimeshonwa hivyo, sijui anayezibuni ana watoto au hana.

Watoto wa kike wanaoingia baharini na mtandio wa kuogelea wamekwisha kuhifadhika, masikio na kisogo vyote ndani. Wanaoungua ni kaka zao.

Namba mbili ni losheni, na hapa sifichi upande wangu: Nivea Sun ya watoto, SPF 50+. Hawanilipi hata thumuni. Naipenda kwa sababu inasambaa upesi, na mtoto mweusi haonekani kama kapakwa liwa. Zile za zinki ni nzuri kwa ngozi inayowasha, tena hazihitaji kusubiri, lakini kwa rangi zetu mtoto anageuka kijivu na wenzake watamcheka mpaka aikimbilie bahari aoshe. Nyengine zote mpake dakika 15 hadi 30 kabla ya kutoka nyumbani, na kila baada ya saa mbili umrudie. Anzia nyuma ya masikio na kisogo, ndio umalizie na pua. Sisi tuna tabia ya kuanza na pua, na ukifika shingoni mtoto kashakimbia.

Ya kupuliza usinunue. Upepo wa kusi utampaka jirani.

Namba tatu ni kofia, iwe na pazia nyuma. Kapelo inaacha masikio na shingo vile vile. Pama ya ukili ni rahisi na ina ukingo mpana, inafaa.

Mwavuli ndio wa mwisho kabisa. Saa kumi kivuli chake kimeshahamia kwenye mkeka wa watu wengine.

Mtoto wa chini ya miezi sita hapakwi losheni, akae kivulini na nguo nyepesi za kumfunika. Na wenye watoto wenye ualbino, ipo losheni ya Kilisun, inatengenezwa Moshi pale hospitali ya KCMC kwa ajili ya ngozi yao na hugawiwa bure. Ukimkuta mtu anaiuza, muulize kaipata wapi.

Maana wauza losheni nao wana mambo yao. Kuna duka moja karibu na hoteli, silitaji, chupa zimepangwa dirishani zinapigwa na jua lile lile zinalotakiwa kulizuia, kutwa, mwezi baada ya mwezi. Niligeuza moja kutafuta tarehe, nikakuta kibandiko cha bei kimebandikwa juu yake barabara, na bei yenyewe kwa dola. Nilipokibandua kwa ukucha muuzaji akaniuliza kama nanunua au nachezea. Kwa hiyo banduweni. Tazameni na kile kichoro kidogo cha kikopo kilichofunguliwa kifuniko: kikiandikwa 12M, chupa ikishafunguliwa ina miezi kumi na mbili tu, ile iliyobaki kutoka likizo ya mwaka juzi itupeni. Ukiminya kiganjani yakatoka maji kwanza, kisha mafuta yamejitenga, hiyo joto limeshaiharibu, tarehe iseme itakavyosema.

Na nunueni Darajani kabla ya kupanda gari la 116. Ukifika Nungwi mtoto analia anataka kuingia baharini, muuzaji anamsikia, na hapo bei anakupangia yeye.