Amu za nyuma za Impreza: spea safi, fundi kanitia hasira

Naandika nikiwa bado na hasira kwa hiyo mnivumilie. Kama miezi miwili imepita, au na kitu, mvua zilikua hazijaanza, nlinunua amu za nyuma za kurekebisha, vile vyuma virefu vinavyoshika tairi chini ya gari, za Subaru Impreza WRX yangu. Chanzo ni springi fupi nilizofunga kwa ujana tu, gari ikakaa chini ikapendeza, afu tairi za nyuma zikaanza kulala, juu zimeinamia ndani, zikawa zinaliwa ndani tu, ukiangalia kwa nje kashata zote zipo unasema tairi mpya. Na Impreza hizi kiwandani walikuwekea sehemu ya kurekebisha tairi za nyuma zitazame ndani au nje basi, kule kulala hakuna pa kugusa, ndo maana unatafuta amu zenye tredi ambazo unazungusha zinarefuka au zinafupika. Zimekuja, nzuri, nzito, sina neno nazo. Shida yangu sio amu.

Shida yangu ni gereji moja huku Arusha, upande wa Unga Limited. Nlipelekwa na mshkaji, akasema yule mzee ni mkali wa Subaru.

Wanaojua gari hizi wanaijua ile bolti ndefu ya nyuma, inayopita kwenye naki, kile chuma kinachobeba gurudumu, na kushika amu zote mbili za tairi moja, ya mbele na ya nyuma, kwa pamoja. Ikikaa miaka inashikana na chuma kwa kutu, haitoki. Mi nlishajiandaa kisaikolojia kwamba itakatwa na grainda. Wapi, kuna dogo pale, msaidizi tu, hata ovaroli hana, akamwagia oili ya kulegeza kutu tangu asubuhi, akaenda kunywa chai, akarudi akamwagia tena. Afu kabla ya kugonga akairudisha nati pale mwisho wa bolti, ikae sawasawa na ncha, ili nyundo ipige nati isiue tredi. Anagonga kidogo, anazungusha na spana, anagonga, anazungusha. Saa nzima na zaidi! Ikatoka nzima kabisa, imejaa unga mwekundu wa kutu. Mi pale nikasema hawa watu nawapa nyota zote, nikamnunulia dogo soda na chapati mbili.

Sa ndo mzee akaja kumalizia mwenyewe.

Gari ipo juu, magurudumu ya nyuma yananing'inia, amu zimeinama chini, mzee kachukua spana na bomba la kuongezea nguvu anaanza kukaza bolti zote mpaka mwisho. Nikamwambia kwa heshima kabisa, shikamoo yangu nilishatoa asubuhi, nikasema mzee samahani, hizi bushi za mpira si tunazikaza mwisho gari ikiwa imekaa chini na uzito wake? Maana bushi ya mpira, ile ya kwenye ncha ya amu, jamani haizunguki kama bearing. Ule mpira umeshikana na bomba la chuma la katikati, ukikaza bolti lile bomba limebanwa, amu ikipanda na kushuka kinachojipinda ni mpira. Ukikaza amu imening'inia, mpira unajua kule chini ndo kwake, ukishusha gari tu ushausokota, hata ufunguo hujawasha.

Mzee akasimama. Akaniangalia, akaangalia simu niliyoshika mkononi. "Kijana, mimi nafunga amu mama yako hajaolewa. Kwani fundi hapa nani, mimi au hiyo simu?"

Watu wakacheka. Hata mama wa maandazi akacheka. Na mimi mjinga, mtu mzima na akili zangu, nikacheka nao! Nikalipa elfu 80, nikaenda kufanya alaimenti, kupima na kunyoosha tairi kwenye mashine, kijana wa mashine akaniambia braza nyuma mbona imesimama juu hivi, nikamjibu ni amu mpya, zitazoea.

Hazikuzoea. Kila tuta kwi, kwi, kama kitanda cha bweni. Kutoka Tengeru mpaka Usa River mnajua matuta yalivyo, abiria wangu alikua anti yangu tunaenda msibani Moshi, akaniuliza mwanangu hili gari halitakatikia njiani? Afu nyuma gari imekua kavu, kwenye kona haikai inarukaruka. Gari ya mbio hiyo, inapitwa na Noah.

Msiba ulipoisha nikatafuta fundi palepale Moshi, mtaa wa Pasua, mwenye shimo. Na hapa ndo hasira ilinipanda upya, maana jamaa hata hakuniuliza maswali. Gari imekaa kwa tairi zake, akaingia chini, akalegeza bolti ya kwanza, nikasikia TOK! Amu imejirudisha yenyewe. Ya pili, TOK. Nimesimama pembeni naona nyuma inashuka, kama upana wa kidole hivi, kwa macho yangu. Akakaza tena palepale chini, nusu saa, elfu 15, aisee. Akaniita nichungulie na tochi, bushi ya kushoto ishachanika pembeni, mpira umefunguka kama mdomo. Bushi mpya! Na alaimenti nikalipa tena, maana ile ya kwanza ilipimwa gari ikiwa imesimama vibaya.

Nikampigia mzee, sio kudai hela, nlitaka tu aseme samahani kijana. Akanijibu, "Si umeshapeleka Moshi? Basi Moshi wakumalizie." Akakata.

Kwa hiyo nlitaka kuandika msiende pale, mwisho. Ila nikikumbuka ile bolti, kusema ukweli sijui nani mwingine hapa mjini angeitoa bila kukata, wengi wangeshika grainda dakika ya tano na naki ingeumia, naki nayo uanze kuitafuta. Sa sijui nisemeje. Nendeni mkatolewe bolti, afu kabla mzee hajashika spana shusheni gari muondoke nayo hata kwa kuivuta! Hapana, natania. Msiende. Aliemtaja mama yangu mbele za watu simpelekei mteja.

Amu zenyewe nunueni, tairi sa hivi zinakanyaga zote, gari imetulia mpaka raha, ukiacha ile kushoto inayolia kidogo asubuhi. Bushi nimeshaagiza. Na namba ya yule dogo ninayo, nilimpigia juzi, Jumapili hayupo kazini, anakuja kwangu Sakina. Kaniuliza kitu kimoja tu, "Kaka, hapo kwako kuna sehemu ya kukazia gari ikiwa chini?"